Visanduku Sita

Fomu imelala mezani tangu Jumatano,
kona moja imelowa chai.
Ina visanduku sita:
mume, mke, watoto wanne.
Aliyeichora hakuwahi kufika Kiseke
kuhesabu ndala mlangoni petu.

Ndala ni jozi saba.

Budeba anapiga hesabu kwa chaki
juu ya bati la lango ambalo si letu,
lango la mwalimu wa Nyasaka, lina maua ya chuma,
linatakiwa kesho.
Nusu ya Ilemela inalala salama
nyuma ya malango ya mume wangu.
Sisi tunaziba uwazi wetu kwa kamba ya katani
na mlango wa friji iliyokufa.

Wakala alikuja na viatu vinavyong'aa,
akauruka mfereji wetu kama korongo.
"Mama, kuna kifurushi kidogo na kikubwa.
Kidogo kinawabeba wote saba, ila kinaishia zahanati.
Kikubwa kinapanda mpaka Bugando,
kwa daktari wa damu. Ila ni sita."
Akanywa maji. Akaongeza, kama anayetaja hali ya hewa:
"Na kuna miezi mitatu ya kusubiri."

Nani ataiambia damu ya Shija isubiri?
Selimundu haina kalenda.
Huja na baridi ya ziwa, saa nane za usiku,
mtoto anakunja magoti, anauma shuka,
nasi tunaanza kuamsha ndugu kwa simu
mmoja baada ya mwingine, mpaka salio linakata.
Mwaka jana tuliuza mashine ya kuchomelea.
Siku hizi Budeba anaikodi kwa aliyeinunua,
kila Ijumaa anaiaga
kama mke aliyeolewa na jirani.

Basi kikubwa. Hilo halikuwa na mjadala.
Mjadala ulikuwa jina.

Mhoja ni wa marehemu dada yangu.
Alikuja na mfuko wa rambo na kuku mmoja.
Ana miaka tisa, hajawahi kulala hospitali.
Fomu inasema: mtoto wa kuzaa,
au wa kuasili, kwa hati ya mahakama.
Hati niliyo nayo ni kaptula yake ya shule,
nimeishusha pindo mara mbili.

Nikasema, niondoe mimi.
Budeba akasema, niondoe mimi, mimi huwa siumwi.
(Huyu, anayemeza moshi wa chuma tangu ujana,
anayeficha dawa za presha ndani ya soksi.)
Na Mhoja, tuliyedhani amelala,
akasema kutoka dirishani:
"Mimi pia huwa siumwi."

Hapo chaki ikavunjika.

Budeba aliingia ndani, akalishusha kopo la maziwa,
akazimwaga fedha za lango letu juu ya fomu,
noti zingine bado zina harufu ya dagaa
za yule mama wa Igombe aliyelipa kwa awamu.
"Huyu tutamlipia peke yake.
Fomu yake, kisanduku chake."
"Na lango?"
"Mwizi akija ataiba nini? Mlango wa friji?"

Leo risiti zimekuja, mbili.
Kwenye ya pili, penye jina la mwanachama,
wameandika MOJA.
Watoto wamecheka mpaka Doto kapaliwa na uji.
"Mbili yuko wapi?" Kulwa anamwuliza.
Naye anatembea uani kwa madaha,
mikono nyuma, kama diwani:
"Mimi ndiye Moja. Ninyi hesabuni wenyewe."
Nami nimecheka, kidogo,
halafu nimekumbuka dirisha la mapokezi
na yule dada wa miwani
anayelinganisha kadi na cheti, herufi kwa herufi.

Jumatatu nitakwenda kuidai ile H.
Mpaka Jumatatu, Mhoja, nakusihi,
shuka kwenye hayo mawe.